Upepo Kwanza, Chombo Baadaye: Ushauri kwa Anayeanza Kupiga Kafi Tanga

Watu wengi wanaoniuliza namna ya kuanza mchezo wa kayaki, yaani chombo chembamba kinachoendeshwa kwa kafi, hapa Tanga huanza na swali la chombo: kinapatikana wapi, kiwe cha mtu mmoja au wawili, ni afadhali cha plastiki ngumu au cha kujazwa upepo. Swali hilo lina mahali pake na nitalijibu. Hata hivyo, kwa kipindi chote ambacho nimekuwa nikipiga kafi katika ghuba yetu na kuwafundisha ndugu na majirani, nimeona kwamba mtu aliyeanza kwa kuujua upepo na maji hukizoea chombo chochote kwa muda mfupi, ilhali aliyeanza kwa kununua chombo kizuri hukiegesha uani baada ya safari chache, kwa kuwa kila akishuka pwani anakuta bahari imemkatalia na hajui sababu. Kwa hiyo nitaanza na upepo na nitakaa hapo kwa muda, kwani ndiko kuliko na hatari na ndiko kuliko na utamu wa mchezo huu.

Ghuba ya Tanga ni mahali pema pa kujifunzia. Mji uko upande wa kusini wa ghuba, na rasi ya Raskazone imejitokeza kuelekea mashariki, ikiukinga ufukwe wa ndani usipigwe moja kwa moja na mawimbi ya bahari kuu. Ukisimama kwenye fukwe za kuogelea za Raskazone unatazama kaskazini: mbele yako ni maji ya ghuba, upande wa kushoto kiko kisiwa cha Toten pamoja na bandari, na upande wa kulia ni mlango wa ghuba unaoelekea kisiwa cha Ulenge. Kwa siku nyingi za mwaka maji ya hapo chini ya ukingo hutulia kiasi cha mtoto kuyachezea. Utulivu huo ndio unaohitaji kuelezwa, maana si kila utulivu una habari njema.

Pwani yetu inatawaliwa na pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi ukitoka kaskazini-mashariki. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba au Oktoba ukitoka kusini na kusini-mashariki, na huwa mkali zaidi kati ya Juni na Agosti. Katikati yake kuna vipindi vya tangambili, ambapo upepo hauna mwenyewe na bahari hulegea. Sasa yaweke hayo juu ya ramani ya Raskazone. Wakati wa kaskazi upepo unatoka baharini kuja ufukweni. Viwimbi vinakupiga usoni unapoondoka na safari ya kwenda ni ya jasho, lakini ukichoka, ukipoteza kafi au ukianguka, upepo huohuo unakurudisha nchi kavu. Wakati wa kusi hali inageuka. Upepo unatoka nyuma ya mji, unapita juu ya miti na majumba, na maji ya karibu na ufukwe yanakuwa laini kabisa kwa sababu yamekingwa. Anayeanza huiona hiyo kuwa ndiyo siku yake. Anatoka kwa wepesi, mita 100, mita 200, akidhani ni nguvu za mikono yake, na anapogeuza chombo ndipo anapogundua kwamba nusu ya mwendo ule ulikuwa wa upepo na kwamba sasa anatakiwa kuulipa wote kwa mikono iliyokwisha kuchoka, huku nyuma yake ikiwa ni njia ya meli.

Somo hili nililipata kwa mvuvi mmoja mzee aliyezoea kutengenezea nyavu zake Raskazone, ambaye kila nilipomkuta nilimwamkia na kumwuliza hali ya bahari kabla ya kushusha chombo. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai maji yalikuwa yametulia tuli, nami nikamwambia hivyo. Hakuyatazama maji. Aliinua kidevu kuelekea vilele vya mivinje nyuma yetu, ambavyo vilikuwa vimelala vyote upande wa baharini, vikitetemeka. "Mwanangu, hapa tulipo pamekingwa," akasema. "Upepo unapita juu ya kichwa chako. Utaukuta kule." Kisha akanionyesha kwa kidole mahali palipo mbele kidogo ya mashua zilizotia nanga, ambapo rangi ya bahari ilibadilika ghafla kutoka maji laini yanayong'aa na kuwa kijivu chenye mikunjo. Tangu siku hiyo, kabla sijashusha chombo hutazama vilele vya miti, bendera za mashua na mpaka ule wa mikunjo, na iwapo mpaka huo uko karibu au unasogea kuja ufukweni, siku hiyo hukaa ndani ya maji ya kiunoni na kufanya mazoezi ya kugeuza chombo.

Kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba uanze safari kwa kuukabili upepo ili urudi ukisukumwa nao. Ni kanuni nzuri na ninaifuata, lakini pale ambapo upepo unatoka nchi kavu haitekelezeki, kwa kuwa ufukwe uko nyuma yako na njia pekee iliyopo ni kuondoka pamoja nao. Katika hali hiyo ushauri wangu ni mmoja tu: piga kafi sambamba na ufukwe, usivuke maji unayoweza kusimama, na ukihisi chombo kinavutwa kwenda nje, shuka ukitembeze. Umande, yaani upepo wa alfajiri unaotoka bara, una tabia hiyohiyo, ingawa kwa kawaida ni mwepesi na hufa jua linapopanda. Baada ya hapo upepo wa baharini huanza kuamka, na kuanzia adhuhuri hadi alasiri ndipo unapokaza zaidi. Ndiyo maana asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, ni wakati wa wanafunzi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari na tahadhari za upepo na mawimbi, na tahadhari hizo mara nyingi huzungumzia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Msomaji asidhani kwamba siku isiyo na tahadhari ni siku yake. Tahadhari zile zimepimwa kwa vyombo vikubwa kuliko kayaki. Kwa anayeanza, upepo wa kilomita 15 kwa saa tayari ni kazi, na ukifika 20, vilele vyeupe vya mawimbi vinapoanza kuonekana vingi ghubani, chombo kibaki mchangani. Kwa yule anayepiga kafi akiwa amesimama juu ya ubao unaoelea kiwango hicho kishuke zaidi, kwa sababu mwili uliosimama unashika upepo kama tanga. Ukiwa kwenye ubao na upepo ukakuzidi, piga magoti. Ukizidi tena, lala kifudifudi na upige maji kwa mikono. Nimeona watu wazima wakikataa kupiga magoti kwa kuona haya mbele ya watazamaji, na ningependa haya hiyo iondoke kabisa katika mchezo huu.

Baada ya upepo yanakuja maji kujaa na kupwa. Watu wa pwani tunakua tukijua maneno bamvua na maji mafu, lakini wachache wanaoanza mchezo huu huyatumia katika kupanga siku. Katika siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwetu hukaribia mita 3 na nusu, na huweza kuzidi. Katika siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, wakati uleule ambao upepo ni mzuri. Maana yake ni kwamba utatoka vizuri saa mbili na kurudi saa nne ukute matope, mawe yenye chaza wakali na umbali mrefu wa kuburuta kayaki. Siku za maji mafu mambo ni kinyume: maji hujaa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, tofauti ya kina ni ndogo, na mkondo hauna nguvu. Kwa hiyo anayefuata kalenda ya Kiislamu anayo ratiba tayari nyumbani: tarehe 7 hadi 10 na tarehe 22 hadi 25 za mwezi ndizo siku bora za kujifunza, akikumbuka kwamba kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Ukiunganisha hayo na majira, asubuhi za maji mafu kuanzia Novemba hadi katikati ya Machi ndizo ninazompangia mtu yeyote anayekuja kwangu kujifunza. Masika sipangi, kwa sababu ya radi na kwa sababu mito ya Mkulumuzi na Zigi humwaga ghubani maji ya tope yenye magogo ambayo huyaoni mpaka yamekugonga.

Sasa chombo. Ninavyoona, anayeanza hapa Tanga na aanze na kayaki ya kukalia juu, ile isiyo na tundu la kuingiza miguu. Ina upana wa kutosha, ina matundu yanayomwaga maji yenyewe, na ikipinduka haijai maji. Kayaki ya kuingia ndani ilizaliwa kwenye maji ya barafu ya kaskazini ya dunia, ambako Wainuiti walihitaji kujifunika wasiguswe na maji; kwetu, ambako bahari ina nyuzijoto kati ya 25 na 30, kujifunika huko kunakupa joto tu na kazi ngumu ya kutoka ukipinduka. Urefu wa mita 3 hadi 4 unatosha. Ya watu wawili ni nzuri kwa familia, na ni salama zaidi kwa mtu mwenye hofu kwa kuwa mwalimu anakaa nyuma, lakini ukiwa peke yako inakuwa nzito kuidhibiti katika upepo. Kafi yenye mabapa mawili iwe na urefu kati ya sentimita 220 na 240, na uchague nyepesi kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu uzito wa kafi ndio unaouinua kila sekunde na bega linaukumbuka.

Ubao wa kusimamia ninauweka nafasi ya pili. Unabebeka, na ule wa kujazwa upepo unaingia kwenye buti la gari au hata kwenye bajaji. Chukua mpana, sentimita 80 au zaidi, wenye urefu wa mita 3 na kitu. Ujaze mpaka kipimo cha pampu kisome psi 12 hadi 15, kwani ubao uliolegea unajikunja katikati na kukufanya udhani kwamba huna mizani, na ukiuacha mchangani jua la saa sita toa upepo kidogo usije ukapasuka. Kafi yake ikukute shibiri moja juu ya kichwa ukisimama nayo, na ule mkunjo wa bapa uelekee mbele, si nyuma kama wengi wanavyodhani kwa kuona umbo lake. Kamba ya mguuni isivuliwe baharini hata mara moja, kwa sababu ubao mtupu hukimbia na upepo kuliko mwogeleaji yeyote. Mahali pekee ambapo kamba hiyo inahitaji uangalifu ni katika vijito vya mikoko, ambako inaweza kunasa kwenye mizizi wakati maji yanakwenda kasi. Huko tumia ya kiunoni inayofunguka kwa mvuto mmoja, au uende na kayaki.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisianze na mtumbwi, chombo chetu wenyewe, ambacho wavuvi wanacho na ambacho kinaweza kukodiwa bila kuagiza kitu kutoka nje. Swali hilo ninalipenda. Mtumbwi wa gogo la mwembe unafundisha mizani na heshima kuliko plastiki yoyote, na mvuvi anayeuendesha kwa kafi ya bapa moja, akigeuza kidogo bapa mwisho wa kila pigo ili omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, isiyumbe, anafanya jambo ambalo wanafunzi wa nchi nyingine hulipia madarasa kulijifunza. Lakini mtumbwi ni mwembamba, ukipinduka unajaa, na kuutoa maji ukiwa baharini ni kazi ya watu wazoefu. Kwa hiyo panda mtumbwi mapema, ila upande na mwenyewe, ukae mbele, utazame mikono yake, umlipe haki yake, na usiuchukue peke yako mpaka yeye akuambie.

Kuhusu kupata vyombo, usinunue mwanzoni. Baadhi ya hoteli za ufukweni, hasa upande wa Pangani na Ushongo, huwa na kayaki za wageni, na ukiuliza kwa adabu nje ya msimu utaruhusiwa kuzikodi. Ukija kununua iliyotumika, igeuze juani na utazame chini kama kuna ufa au weupe wa plastiki iliyoungua kwa jua, kisha ikalie majini nusu saa na uifungue kizibo uone kama imeingiza maji.

Jaketi la kujiokolea ndilo jambo ambalo silijadili. Hata mwogeleaji hodari avae, na alivae mwilini, si kulifunga kwenye chombo. Yale yenye nguvu ya kuelea ya nyutoni 50 yametengenezwa kwa wanaojua kuogelea na wako karibu na msaada. Asiyejua kuogelea atafute la nyutoni 100, ingawa ninamwomba kwanza ajifunze kuelea na kuogelea kidogo, jambo ambalo kwa mji wenye fukwe kama wetu halina gharama kubwa. Ukilivaa, funga mikanda yote kisha mtu akuvute mabegani kuelekea juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwako. Tundika filimbi juu yake. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji na ifungwe mwilini, namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikiwa imehifadhiwa, pamoja na namba ya mtu aliye nchi kavu anayejua umetoka saa ngapi na unatarajiwa saa ngapi. Ukipinduka na ukashindwa kupanda, baki na chombo. Chombo kinaelea na kinaonekana. Kichwa cha mtu majini hakionekani.

Mavazi yanastahili maneno machache, kwa kuwa wapo akina dada wengi wanaotamani mchezo huu na wanadhani hauna nafasi kwao. Unayo nafasi. Suruali nyembamba ya kitambaa cha kuogelea, shati refu la mikono mirefu la kitambaa hichohicho na mtandio wa kuvutwa kichwani vinasitiri, vinakauka upesi, na vinamkinga mtu na jua kuliko mafuta yoyote. Kinachotakiwa kuepukwa ni kanga, kikoi na baibui, kwa sababu vikilowa huwa vizito na hujifunga miguuni wakati ule unaohitaji miguu zaidi. Wanaume nao waache ile tabia ya kuvua shati. Tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na maji yanarudisha jua usoni kutoka chini. Viatu vya kufunga ni lazima, kwa ajili ya chaza, mawe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na unapotembea kwenye mchanga wenye maji buruta nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia aondoke kabla hujamkanyaga.

Siku ya kwanza ya mwanafunzi wangu yeyote hatuendi popote. Tunapinduka. Mpwa wangu, msichana wa kidato cha tatu, alipoanza nilimpeleka maji ya kifuani na kumwambia ajiangushe kwa makusudi. Akajiangusha, akashika chombo, akajaribu kujivuta juu kwa mikono, na kila alipovuta, miguu yake ilipita chini ya kayaki hadi upande wa pili na chombo kikamlalia. "Mjomba, kinanikimbia!" akalalamika. Nikamwambia hakikimbii, miguu yake ndiyo inayokivuta. Nikamtaka kwanza alale majini kama anayeogelea, apigepige miguu mpaka visigino vitoke juu ya maji, na hapo tu, mwili ukiwa umenyooka, ajivute kwa mkupuo mmoja mpaka kitovu kiwe juu ya kiti. Akapanda. Kisha ajigeuze kwa makalio, akae, na miguu iingie mwisho. Alirudia zoezi hilo mpaka mikono ikakataa, kesho yake tukarudia, na siku aliyokuja kupinduka kweli kwenye kina kirefu hakupiga kelele. Alitafuta kafi kwanza, akaishika, akapanda. Asiyeweza kufanya hivyo katika maji asiyoyafikia chini asivuke mstari wa mashua zilizotia nanga, hata kama anapiga kafi kwa ufundi kiasi gani.

Kupiga kafi kwenyewe ni rahisi kuanza na kugumu kukamilisha. Iweke kafi kichwani, viwiko vikunjwe mraba, na hapo ndipo mikono inapokaa. Zamisha bapa lote karibu na vidole vya miguu na ulitoe linapofika kwenye nyonga. Kuendelea kulivuta nyuma ya nyonga kunainua maji bila kusukuma chombo. Nguvu itoke kiunoni na mgongoni kwa kuzungusha kifua, maana mikono peke yake huchoka ndani ya dakika 20. Usiikamue kafi. Malengelenge ya wanafunzi wangu yote yametokana na kuishika kwa hofu, nami huwaambia wafungue vidole kila mkono unapokuwa wa juu. Ili kugeuka, chora nusu duara pana kutoka vidoleni hadi nyuma kabisa, upande ulio kinyume na uendako.

Safari za mwanzo ziwe sambamba na ufukwe wa Raskazone, maji yakiwa yamejaa. Zikizoeleka, nenda kwenye mikoko ya upande wa mito, na hapo ndipo ghuba yetu inapotoa kilicho bora. Ingia wakati maji yanajaa ili yakupandishe, na ugeuke kabla hayajajaa kabisa, upate muda wa kutoka maji yakiwa bado mengi. Anayechelewa hukaa matopeni saa nyingi akiwa na mbu, na tope la mikoko halitembeki. Ndani mle pana kivuli, kelele za mji zinakatika, ndege hawaruki mpaka uwe umbali wa kafi mbili, na mizizi ya mikoko imejaa chaza na kaa wadogo wanaozunguka upande wa pili unapokaribia. Weka mikono ndani ya chombo, kwa kuwa chaza hao hukata kama wembe. Mto Pangani usiulinganishe na vijito hivi. Una mamba, na mlango wake una mkondo mkali unaokutana na mawimbi, kwa hiyo huko uende tu na wenyeji wanaoujua.

Bandari ipewe nafasi. Meli kubwa haiwezi kukukwepa wala kusimama, nahodha wake haoni kilicho chini ya omo yake, na mawimbi yake hukufikia dakika kadhaa baada ya kupita, wakati umekwisha kuisahau. Yageuzie omo ya chombo chako, usiyapokee ubavuni. Upande wa Chongoleani, unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, kaa mbali kabisa na gati na boti za ulinzi.

Toten ndicho kisiwa ambacho kila mwanafunzi hukitamani, kwa kuwa kinaonekana kiko karibu. Ninampeleka mtu huko akiwa amekwisha kupanda chombo kwenye kina kirefu bila msaada, na akiwa ameweza kupiga kafi saa nzima dhidi ya upepo wa asubuhi bila kupumzika ufukweni. Tunachagua asubuhi ya maji mafu, tunakwenda tusiopungua watatu, tunasimama kabla ya njia ya meli na kutazama pande zote mbili, kisha tunavuka pamoja, kwa mstari mnyoofu, bila kutawanyika. Maji na visiwa hivi viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo ulizia vibali na ada kwa ofisi ya hifadhi kabla ya siku yenyewe, usikate tawi la mkoko, usiokote kombe wala tumbawe. Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani yaliyomezwa na vichaka. Zungukeni pembeni mwa makaburi, msikae juu ya kuta, na chombo kivutwe juu na kufungwa kwenye mti kwa kamba ya plastiki inayoelea, si ya katani, ingawa sisi wa Tanga tumelelewa na katani, kwa kuwa ikilowa hukaza fundo lisifunguke. Pumzikeni, nyweni maji ya kutosha, na muwe majini tena kabla ya saa tano, upepo wa baharini ukiwa haujakaza na mawe ya kandokando ya kisiwa yakiwa bado yamefunikwa.